Bomba la Dawa ya Mbu na Gitaa la Dhahabu

Unaukumbuka mlio wa bomba la dawa ya mbu? Sisemi kopo la siku hizi la kubonyeza kwa kidole. Nasema lile la bati, lenye kikebe chini yake na mpini wa mbao wa kuvuta na kusukuma. Nyumbani kwetu Tanga lilikaa juu ya kabati la vyombo. Ikikaribia magharibi bibi alilishusha, akafunga madirisha, akatutoa watoto wote barazani, kisha akaanza kazi: fsss, fsss, fsss. Alikuwa na mwendo wake, hakimbilii wala halegei, na dada yangu pale nje aliufuata kwa makofi mpaka kazi iishe.

Miaka ikapita. Usiku mmoja nimevaa spika za masikioni, nasikiliza wimbo wa taratibu wa Kifaransa, anaimba msichana wa Kibrazili. Nyuma ya sauti yake kuna kitu kinashika mwendo, pale ambapo mpiga ngoma angegusa matoazi. Kinapumua. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza, nikarudisha tena. Mwili ulinisisimka. Lile lilikuwa bomba la dawa ya mbu, limeingizwa studio, limewekwa mbele ya maikrofoni, na linapiga muziki. Nilikuwa nimerudi barazani kwetu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa Os Mutantes, msikilizaji wangu, na tangu usiku ule sijatoka.

Wimbo wenyewe unaitwa Le premier bonheur du jour. Françoise Hardy alikwisha kuuimba kwao Ufaransa kabla ya hapo. Vijana hawa wa São Paulo wakauweka katika albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1968 na kupewa jina la bendi yenyewe. Walikuwa watatu. Rita Lee alikuwa na miaka 20. Arnaldo Baptista, mpiga besi na vinanda, alikuwa wa rika lake. Sérgio Dias, mdogo wake Arnaldo, ndiye aliyeshika gitaa, na hata miaka 18 alikuwa hajatimiza.

Jina walilipata 1966. Mwimbaji Ronnie Von, aliyekuwa na kipindi chake cha televisheni, alikuwa amezama katika kitabu cha hadithi za kubuni za sayansi cha Mfaransa Stefan Wul, chenye viumbe waliogeuka maumbile. Hao waliogeuka maumbile ndio mutantes, kwa Kireno. Vijana walikuwa wanatafuta jina la kutokea nalo kwenye kipindi, wakalichukua hilo, na Oktoba ya mwaka huo wakaonekana kwenye vioo vya televisheni kwa mara ya kwanza wakiitwa hivyo.

Lakini nataka nikupeleke kwanza nyumbani, mtaa wa Pompeia, jijini São Paulo. Mama wa akina Baptista, Clarisse Leite, alikuwa mpiga piano mwenye jina na mtunzi wa muziki wa okestra. Watoto walikulia chini ya piano. Na kulikuwa na kaka mkubwa, Cláudio César, ambaye jukwaani hakupanda. Kazi yake ilikuwa ya mezani, kwenye nyaya, risasi ya kulehemu na mbao. Gitaa la umeme kutoka Marekani lilikuwa ghali mno kwa vijana wa Brazili wa wakati ule, na vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu ili gitaa ligeuze sauti, hata kuvipata ilikuwa shida. Cláudio César hakungoja meli. Alitengeneza magitaa, vikuza sauti, spika, na visanduku vyenyewe. Hata mota ya cherehani aliipa kazi ya kuzungusha sauti ya gitaa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni gitaa lililoitwa gitaa la dhahabu. Alilichonga kwa ajili ya mdogo wake kwa uangalifu wa watengeneza fidla wa Italia. Vyuma vyake alivipaka dhahabu, mitambo ya kugeuza sauti akaifunga ndani ya tumbo la gitaa lenyewe, kisha juu yake akaandika laana. Ndiyo, laana: atakayekivunjia heshima chombo hiki, au kukitia mikononi kwa nia mbaya, mabaya yamwandame. Mimi ninaielewa laana ile. Mtu aliyekesha usiku baada ya usiku akipinda waya mmoja mmoja anajua alichokiweka humo, na anajua dukani hakuna kingine.

Ninayoyasema leo yote yanatoka kwenye meza ile ya ufundi. Watu wengi huwasimulia Os Mutantes kama vijana walioiga Beatles wakatia pilipili ya Brazili. Sikubali. Aliyeiga hununua. Hawa walisikia sauti iliyotoka mbali, wakaipenda kwa moyo wote, kisha wakakaa chini wakauliza: hapa nyumbani tuna nini cha kuitengenezea? Wakatazama kabatini wakaona bomba la dawa ya mbu. Sauti iliyotoka humo haikuwahi kusikika London wala Liverpool, na mpaka leo ukiisikia unajua ni yao.

Sasa lazima ujue walitoka wakati gani. Wanajeshi walikuwa wamepindua serikali ya Brazili mwaka 1964. Wanafunzi na wasanii wengi walikuwa upande wa upinzani, na kwa wengi wao gitaa la umeme lilikuwa mguu wa Marekani mlangoni. Muziki wa kizalendo, walisema, ni gitaa la mbao na samba. Tarehe 17 Julai 1967 wanamuziki waliandamana katika barabara za São Paulo kulipinga gitaa la umeme. Mbele alikuwepo Elis Regina, sauti kubwa kuliko zote za nchi ile. Mwimbaji na mtunzi Gilberto Gil naye aliandamana. Baadaye alieleza kwamba alikwenda kwa sababu ya kumpenda na kumheshimu Elis. Waimbaji Caetano Veloso na Nara Leão waliyatazama maandamano kutoka dirisha la hoteli, na Nara akamwambia mwenzake kuwa tukio lile linamkumbusha maandamano ya mafashisti wa zamani wa Brazili. Msafara uliishia Teatro Paramount.

Haikupita hata miezi mitatu na nusu. Oktoba, ukumbi ni huohuo wa Paramount, na ni fainali ya mashindano ya nyimbo ya TV Record, ambayo nchi nzima ilikuwa ikiyafuatilia kama fainali ya mpira. Gil anapanda jukwaani na wimbo wake Domingo no Parque. Nyuma yake wamo Os Mutantes na magitaa yao ya umeme. Alikuwa amewaendea kwanza wanamuziki wa Quarteto Novo, mabingwa hasa, nao wakakataa kusimama na magitaa yale. Ndipo mpangaji wa muziki, Rogério Duprat, akamwambia: wapo vijana fulani.

Sikiliza mpangilio wa jukwaa ule. Upande mmoja okestra. Upande mwingine gitaa la umeme. Katikati berimbau, uta wenye waya mmoja na kibuyu, ambao Waafrika waliotekwa utumwani Angola walivuka nao Atlantiki, ukabaki katika jimbo la Bahia ukiongoza mchezo wa capoeira. Wako waliozomea na wako waliosimama kushangilia. Walipomaliza walishika nafasi ya pili. Nimekuwa nikijiuliza Gil alijisikiaje kusimama pale, kwenye mlango aliouandamania Julai. Kubadili mawazo hadharani, ndani ya siku mia moja, mbele ya kamera, kunataka ushujaa ambao hatuusifu vya kutosha.

Vuguvugu likapata jina, Tropicália, na 1968 likatoa santuri ya pamoja: Gil, Caetano, Gal Costa, Tom Zé, Nara Leão, na Os Mutantes. Kwenye picha ya jalada Duprat amekaa ameshika poti ya chooni kama mtu anayekunywa chai. Bwana huyu alikuwa amesoma muziki wa kisasa Ulaya, akahudhuria madarasa ya watunzi Boulez na Stockhausen, na angeweza kuishi maisha yake yote akiandikia wasomi wachache. Alichagua kukaa na vijana hawa. Nampenda kwa hilo. Kila prodyuza George Martin anapotajwa na Beatles, natamani Duprat naye atajwe na hawa watatu.

Wimbo wao mkubwa wa mwaka ule ni Panis et Circenses, uliotungwa na Gil na Caetano, na ndio unaofungua albamu yao ya kwanza. Jina ni la Kilatini: mkate na michezo, vile vitu viwili ambavyo watawala wa Roma walivitoa ili watu wasiulize maswali. Anayesema katika wimbo anafanya mambo makubwa, ya kustaajabisha, hata ya kutisha, na watu waliokaa kwenye chumba cha kulia hawanyanyui macho. Wana shughuli ya kuzaliwa na kufa. Basi. Mimi Kireno chenyewe sikukijua nilipousikia mara ya kwanza, lakini nilipoelezwa habari za chumba kile cha kulia nilifikiria neno moja ambalo ni letu pia: sisi tunasema meza kwa sababu Wareno waliofika pwani yetu walisema mesa. Bendera tulilichukua kwao, na meza tulilichukua kwao, na sasa meza ile ilikuwa imefika masikioni mwangu kutoka upande wa pili wa dunia, imezungukwa na watu wasiosikia nyumba ikiungua.

Katikati ya wimbo muziki unaanza kuzama. Unapungua mwendo, sauti zinanenepa na kwenda chini, kama santuri iliyokatiwa umeme. Kimya. Halafu unarudi. Na mwishoni kabisa unasikia vijiko na sahani, watu wako mezani, wanaombana vyakula, maisha yanaendelea. Mwaka 1968, chini ya wanajeshi, kuweka mlio wa kijiko ndani ya santuri kulikuwa na maneno mengi kuliko hotuba.

Lakini wanajeshi hawakuwa peke yao katika kuwabana. Septemba 1968, ukumbi wa TUCA wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki, São Paulo. Caetano anaimba wimbo uliochukua jina lake kwenye kaulimbiu ya wanafunzi wa Paris, kwamba ni marufuku kupiga marufuku. Amevaa nguo za plastiki, na Os Mutantes wanampigia. Ukumbi umejaa wanafunzi, wapinzani wa serikali, watoto wa upande wetu kama tungekuwa Brazili. Wanazomea. Mayai yanaruka, nyanya zinaruka. Kisha ukumbi ukawapa mgongo wasanii. Na Os Mutantes, bila kuacha kupiga, nao wakageuka, wakaupa ukumbi mgongo. Gitaa likaendelea. Caetano akaacha kuimba akaanza kuwahutubia kwa hasira, akiwauliza kama hao ndio vijana wanaosema wanataka kutwaa madaraka.

Naomba ulione tukio hilo: ukumbi mzima umegeuka, jukwaa limegeuka, migongo inatazamana, na muziki unapita katikati. Serikali iliwaona wahuni. Wapinzani wa serikali waliwaona vibaraka wa Marekani. Walipobaki hawana upande wa kukimbilia, walipiga kwa nguvu zaidi. Sérgio alikuwa bado hajafikisha miaka 18.

Desemba 13 mwaka huo serikali ikatoa amri iliyoitwa AI-5. Bunge likafungwa, udhibiti ukaingia kila mahali, watu wakakamatwa bila ya kufikishwa mahakamani. Siku mbili baada ya Krismasi Caetano na Gil walichukuliwa. Walikaa jela, kisha kizuizini Salvador, na katikati ya 1969 wakapelekwa uhamishoni, wakaishia London. Tropicália ikabaki bila vichwa vyake viwili. Os Mutantes wakabaki nyumbani wakiendelea kufanya kazi.

Albamu ya pili, Mutantes, ya 1969, Rita yuko kwenye jalada na gauni la harusi. Humo umo wimbo 2001, maneno ya Tom Zé na muziki wa Rita, ambao ningeuweka katika sanduku la kupeleka angani kama ningeulizwa. Unaanza kama wimbo wa wakulima wa bara la São Paulo, sauti mbili zinazovutana puani kwa lafudhi ya shamba, halafu gitaa la umeme linapasua, halafu shamba linarudi. Na anayeimba ni mtu wa anga za juu! Kumpa mwana-anga lafudhi ya mkulima ni wazo la mtu anayewapenda wakulima. Hawakumcheka. Walimpandisha kwenye chombo akiwa na sauti yake mwenyewe.

Mwaka 1970 ukaja A Divina Comédia ou Ando Meio Desligado. Jaladani wamelirudia kaburi la motoni kutoka michoro ya Gustave Doré ya kitabu cha Dante. Sasa walikuwa watano: Liminha alishika besi na Dinho Leme ngoma. Wimbo uliobeba nusu ya jina la albamu unasema habari za mtu ambaye akili zake ziko mbali, hasikii miguu yake ikikanyaga, na besi yake ya mwanzo kila kijana wa Kibrazili anayejifunza chombo hicho hukutana nayo. Ni albamu nzito na chafu zaidi, kwa maana nzuri ya uchafu: vidole vimeingia kwenye udongo.

Mwaka huohuo walikwenda Paris wakarekodi albamu nzima, sehemu kubwa kwa Kiingereza, ili wauzwe nje. Kampuni ikaifungia kabatini. Ilitoka mwaka 2000, miaka 30 baadaye, ikiwa na jina Tecnicolor, na aliyechora jalada lake ni Sean Lennon, mtoto wa John wa Beatles. Wale vijana wa Pompeia walikaa sakafuni wakiisikiliza sauti ya baba. Mtoto wa baba yule akaja kukaa na kalamu akiwachorea wao. Kila nikiishika albamu hiyo naliwaza hilo kabla sijaweka sindano.

Jardim Elétrico ya 1971 nitaipita haraka. Ina nyimbo nzuri, nyingine zimeokolewa kutoka Paris. Ya 1972 ina jina refu, Mutantes e Seus Cometas no País do Baurets, na wimbo wake mmoja, Balada do Louco, umekuwa mali ya taifa. Anayesema ni mtu aliyeitwa mwendawazimu, naye anajibu kwa upole kabisa kwamba furaha yake inamtosha. Mwimbaji Ney Matogrosso aliuimba tena miaka ya themanini, na wengi wanaujua kwa sauti yake. Katika albamu hiyohiyo upo wimbo walioutaka uitwe Mzalendo Mwenye Nywele Ndefu. Wadhibiti wa serikali wakalikataa jina hilo la wimbo, ikabidi libadilishwe.

Kisha nyumba ikavunjika. Rita na Arnaldo walikuwa wapenzi, wakaoana, wakaachana. Ndugu walivutwa na muziki mrefu wa vinanda vingi uliokuwa ukitoka Uingereza. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2016, Rita ameeleza kwamba aliambiwa hana nafasi tena, kwa kuwa bendi sasa ilitaka mafundi wa vyombo. Mwaka huohuo wa 1972 alifungasha akaondoka. Mwaka uliofuata Arnaldo naye akatoka. Sérgio akaendelea na jina na watu wapya, na albamu ya 1974, Tudo Foi Feito pelo Sol, ina mashabiki wake. Mimi simo. Vidole vinakwenda kasi, kila kitu kiko mahali pake, na ninalitafuta bomba la dawa ya mbu silioni. Bendi ilikufa 1978.

Arnaldo nisimpite. Mwaka 1974 alitoa albamu ya peke yake, Lóki?, kwenye piano, na hakuweka gitaa la umeme hata moja. Mtu anasikika akivunjika na akiimba wakati anavunjika. Ukisoma majina ya waliomsaidia, moyo unapata joto: Liminha kwenye besi, Dinho kwenye ngoma, Duprat ameandika vyombo vya okestra, na Rita, ndiyo, Rita yuleyule, anaitikia. Usiku wa mwisho wa 1981, akiwa amelazwa hospitali, Arnaldo alianguka kutoka dirishani akapoteza fahamu kwa muda mrefu. Aliamka. Alijifunza tena mambo mengi kuanzia mwanzo, akachora, akarudi kwenye piano. Filamu ya 2008 iitwayo Loki imesimulia maisha yake, na nimeiona nikiwa nimeshika leso.

Rita hakuhitaji huruma ya mtu. Fruto Proibido ya 1975, na bendi ya Tutti Frutti, ni nguzo ya roki ya Brazili. Mwaka uliofuata alikamatwa akiwa mjamzito, akawekwa ndani. Baadaye, pamoja na mumewe Roberto de Carvalho, alitoa nyimbo ambazo Brazili nzima iliziimba, bibi na mjukuu. Wanawake wa nchi ile walimsikia mwanamke mwenzao akiimba habari za mapenzi na mwili wake kwa kicheko, bila kuomba radhi, katika miaka ambayo udhibiti ulikuwa bado unafanya kazi. Alifariki tarehe 8 Mei 2023. Mwili wake uliwekwa kuagwa kwenye jumba la nyota la bustani ya Ibirapuera, São Paulo. Aliyemtungia muziki mwana-anga mwaka 1968 aliagwa chini ya kuba la nyota.

Sasa, bendi hii imeacha nini? Nje ya Brazili hadithi inajulikana. Januari 1993 Nirvana, bendi ya Seattle, walikwenda kupiga Brazili, na mwimbaji wao Kurt Cobain, aliyekwisha kuzipenda santuri hizi, akaacha barua kwa Arnaldo. Mwaka 1998 mwanamuziki Beck alitoa albamu aliyoiita Mutations, na wimbo mmoja humo akaupa jina Tropicalia. Mwaka uliofuata kampuni ya David Byrne, Luaka Bop, ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zao, na vijana wa Marekani na Ulaya wakaanza kuulizana ilikuwaje hawakuambiwa. Mei 2006 Sérgio, Arnaldo na Dinho walipanda jukwaa la Barbican, London, na Zélia Duncan akaimba. Rita alikataa kwenda. Arnaldo alijitoa mwaka uliofuata, na Sérgio amekuwa akitoa albamu mpya kwa jina la bendi tangu 2009.

Hayo ni mazuri. Ila sipendi yanavyosimuliwa, kana kwamba Os Mutantes walianza kuwa na thamani siku mtu wa Seattle alipowasifu. Fuata mkono mwingine, mkono wa Liminha. Kijana yule wa besi aliondoka kwenye bendi akaingia chumba cha mitambo, akawa prodyuza. Bendi ya Titãs ilipotengeneza Cabeça Dinossauro, 1986, albamu ya hasira ya Brazili iliyokuwa imetoka tu mikononi mwa wanajeshi, Liminha alikuwa kwenye mitambo. Alitengeneza albamu za Gil pia. Na vijana wa Recife, Chico Science na Nação Zumbi, walipoingia studio kurekodi Da Lama ao Caos, iliyotoka 1994, aliyewapokea ni Liminha.

Wale wa Recife walikuja na ngoma kubwa za maracatu, ngoma za misafara ya wale waliotawazwa wafalme wa Kongo huko Brazili enzi za utumwa. Jina lenyewe la bendi lina Zumbi, kiongozi wa Palmares, makazi ya Waafrika waliotoroka utumwa. Pembeni ya ngoma hizo walileta gitaa la umeme linalokwaruza. Mimi nikiisikiliza Da Lama ao Caos nasikia jukwaa la Paramount la 1967, berimbau na gitaa wamesimama pamoja, na safari hii hakuna anayezomea. Ni miaka 27 kati yake, na mtu aliyekaa kwenye mitambo alikuwa amefunzwa kazi na wale walioanza.

Muda wetu unakaribia. Fundi wetu wa mitambo ameshaiweka santuri ya 1968, upande wa kwanza, wimbo wa kwanza. Punguza kelele hapo nyumbani. Katikati muziki utazama kama umeme umekatika. Usiipige redio yako, wala usitupigie simu, mitambo yetu ni mizima. Subiri tu. Ukirudi, sogea karibu na spika, maana mwishoni sahani zitaanza kulia, na nataka uzisikie zikiwa mezani kwako.